Mashine ya Kumsimamisha Mtu

Mchafukoge, Dar es Salaam
3 Februari 2025

Mkwe wangu Pantaleo,

Hujambo baba? Kazi za hapo Upanga zinaendaje? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua kila jioni, maana lifti ya jengo letu ni ya kutazama tu. Dukani tunasukuma siku. Mafundi cherehani wamerudi kutoka likizo na wote wanataka zipu nyeusi, kana kwamba mji mzima umeamua kuvaa pamoja nami.

Ninakuandikia kwa karatasi. Kwetu Masasi mama mkwe hazungumzi jambo zito na mkwewe uso kwa uso, na kwangu simu nayo ni uso. Najua nyie wa Kilimanjaro hamna mambo haya, mnakaa meza moja na wakwe mkataniana. Nivumilie. Barua anakuletea Fikirini, mshenga wenu. Amelalamika: "Dada Severa, mimi niliozesha watu, sikuajiriwa posta." Nimempa soda akanyamaza.

Sasa, Fikirini huyo huyo juzi aliniletea karatasi kutoka kwako. Inasema sisi wasimamizi wawili wa mirathi ya marehemu Klara tumekubali fidia yake yote itumike kununua mashine ya kituo chako cha mazoezi ya wagonjwa. Wewe umeshatia sahihi. Pangu pameachwa wazi, pana alama ya penseli ili nisipotee. Maelezo mengine hakuna.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini Kariakoo nimekaa. Mtu akikuonyesha pa kusaini kabla hajakuonyesha mzigo, unashika mkoba wako. Fidia ile ni ya mwanangu. Lori lilimvunja uti wa mgongo pale mtaa wa Gerezani, akakaa karibu mwaka kwenye kiti cha magurudumu, damu ikaganda akafariki, ndipo bima wakakumbuka kulipa. Hela hiyo sijaigusa hata kununua mshumaa. Familia ilituweka wawili ili mmoja asiende peke yake.

Mashine gani hiyo?

Mama mkwe wako,
Severa


Upanga
9 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Pole na goti. Usipande ngazi na mzigo mkononi, mwachie mpangaji wa chini akusaidie. Mimi nipo. Nala, nalala, naenda kazini.

Nisamehe kwa karatasi ile. Mwanasheria aliiandaa, nami nikaituma kama ninavyotuma karatasi za ofisini. Sikutumia akili.

Mashine ni ya kuvaa. Ina vyuma vyepesi vinavyofuata mapaja na miguu, mota kwenye nyonga na magoti, na mikanda ya kumfunga mtu kiunoni na kifuani. Mtu aliyepooza miguu anaivaa akiwa amekaa, inamnyanyua, halafu inampeleka hatua kwa hatua. Yeye anashika magongo, mtaalamu anatembea nyuma yake.

Hesabu yangu ni hii. Leo kumsimamisha mgonjwa mmoja kunataka watu watatu. Wawili wanamshika kwapani, mmoja amepiga magoti chini anamsogeza miguu. Nusu saa tu na wote watatu wako hoi, na mgonjwa ametembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Kwa mashine anatosha mtaalamu mmoja, na wale wawili wanahudumia wengine. Wagonjwa wanaongezeka, mishahara haiongezeki. Wenye uwezo wanaopeleka ndugu zao India kwa kazi hii watabaki hapa, na walichokuwa wanalipa kule watalipa hapa. Ikifanya kazi siku nzima, mwaka wa nne inakuwa imejilipa yenyewe. Fidia ingekuwa malipo ya awali, kilichobaki benki watakopesha. Na sehemu yako ya faida utaipata kila mwaka.

Fikiri, mama. Sikulazimishi.

Mkweo,
Pantaleo


Mchafukoge
23 Februari 2025

Mkwe wangu Pantaleo,

Marahaba. Nimepona goti, sasa ni mafua, na huku joto limekaza mpaka gundi ya vifungo inayeyuka rafuni.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimemuuliza Fikirini bei ya kitu kama hicho, naye akauliza watu, akarudi kusema bei yake inanunua mabasi mawili ya Kosta. Akaongeza, "Na Kosta walau inapiga honi." Sikucheka. Au nilicheka kidogo.

Umeandika "ikifanya kazi siku nzima." Nimelizungushia neno hilo duara. Mimi nami duka langu lingefanya kazi siku nzima ningekuwa nimejenga ghorofa. Nani atakayeijaza siku hiyo? Kadi za bima zinalipia? Ikiharibika fundi yuko wapi, hapa au ng'ambo? Umeme ukikatika mtu amesimama katikati ya chumba, inakuwaje?

Halafu nikwambie jambo la kwetu Kariakoo. Mwenye mzigo usiotoka anamwita rafiki yake asiyejulikana mtaa huo. Rafiki anakuja, anashika kitenge, anasema kwa sauti, "Hiki ndicho, nifungie vitatu." Wanawake wanaopita wanasimama. Jioni vile vitatu vinarudi dukani kwa mlango wa uani. Nimeona hayo mpaka nimezoea. Kwa hiyo mashine nataka kuiona kwa macho yangu, ikiwa na mtu ndani, kabla sijashika kalamu.

Mama mkwe wako,
Severa


Upanga
1 Machi 2025

Mama, shikamoo. Pole kwa mafua. Kunywa tangawizi, ila sukari punguza.

Jumamosi ya tarehe 15 wakala anayeiuza ataleta mashine kituoni kwetu kuionyesha kwa watu. Njoo saa nne asubuhi. Mlinzi wetu Polycarp atakupokea getini na kukuwekea kiti mbele. Maswali yako yote utawauliza wenyewe.

Mkweo,
Pantaleo


Mchafukoge
17 Machi 2025

Pantaleo,

Natumaini u mzima. Mimi nimelala vibaya siku mbili.

Nilikuja. Polycarp alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji. Nikakuona umesimama karibu na dirisha, na wewe ukaniona, macho yetu yakakutana. Halafu ukageuka ukatoka kwa mlango wa nyuma. Hukurudi mpaka naondoka. Nimejiuliza, mtu mwenye mzigo safi anatokaje dukani mteja anapoingia?

Akaletwa yule kijana, Aristides. Walisema hajasimama tangu alipoanguka kwenye jengo. Wakamfunga mikanda, mashine ikalia kama cherehani ya umeme, akanyanyuka. Mrefu kama nguzo. Akatembea hadi ukutani akageuka. Nilianza kulia, sitaficha. Kisha nikatazama viatu vyake. Soli zimeliwa kisigino, upande mmoja zaidi ya mwingine. Mtu asiyetembea analaje soli? Na makofi yalianzia kwa bwana mmoja mwenye tai aliyekaa nyuma yangu. Alipiga kabla kijana hajamaliza kunyanyuka. Makofi ya namna hiyo nayajua.

Yupo pia yule dada wa wakala, Violeth, mwenye viatu virefu. Alikuwa anaulizia ulipo. "Panta yuko wapi? Mwiteni Panta." Klara hajamaliza mwaka kaburini.

Lakini hayo yote ni madogo. Nilipokuwa natazama wanavyomfunga yule kijana mrefu, nilimwona Klara. Unamkumbuka alivyokuwa. Viatu alinunua vya skuli, upande wa watoto, akisema ni nafuu na vinadumu. Dukani kwangu alipanda juu ya kasha la nyuzi ndipo afikie rafu ya pili, na mteja akimcheka yeye anacheka zaidi, kiganja mdomoni.

Niambie. Mashine ile ingemtosha Klara?

Severa


Upanga
20 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Nimeumia kusoma kwamba hukulala. Nakujibu upesi.

Nilitoka kwa sababu uliingia. Wiki moja kabla ya harusi Klara alinikalisha akanifundisha. Alisema, "Mama akiingia chumbani, wewe tafuta mlango. Usimkodolee macho, usimpe mkono, usikae kiti kinachotazamana naye. Ukiweza hilo atakupenda mpaka kufa." Nilidhani unaona kwamba naweza. Nilikaa uani na Polycarp nikisikiliza sauti yako unavyowahoji wale watu. Polycarp akaniambia, "Bosi, huyu mama angefaa polisi."

Viatu vya Aristides ni vya kaka yake. Mashine inataka viatu vya kamba vyenye soli ngumu, na yeye vyake aligawa tangu ajali, hakuona kazi yake. Ukitaka, kaka yake ana kibanda cha kuuza chaji za simu Mtaa wa Kongo. Nenda kamtazame miguuni.

Bwana wa tai umempatia. Ni mfanyakazi wa wakala, na makofi ni kazi yake. Nimewaambia wasimlete tena.

Violeth anamkatia kila mtu jina. Polycarp anamwita Poli. Ana mume na watoto wawili Tabata. Hakuna kitu, mama. Nguo za Klara bado ziko kabatini upande wake. Sijasogeza hata henga.

Kuhusu bima, bado hawalipii, ila mazungumzo yapo. Fundi atafundishwa. Umeme ukikatika betri ina akiba ya kumkalisha mtu.

Mkweo,
Pantaleo


Mchafukoge
24 Machi 2025

Mkwe wangu,

Marahaba. Nilikwenda Mtaa wa Kongo. Kaka yake Aristides amevaa ndala, nazo zimeliwa kisigino upande mmoja, na alipoona namtazama miguu akaniuliza kama nataka kununua chaji au nataka kumuoa. Nikanunua chaji.

La mlango nimelipokea, na limenitia haya. Nilidhani mambo ya kwetu yaliishia kwetu. Sikujua mwanangu aliyapeleka kwako.

Ila umejibu kila nilichouliza isipokuwa kimoja.

Severa


Upanga
29 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Nimekaa kimya miezi mitatu. Fikirini amekuja mara nne kuuliza kama kuna barua, na mara ya mwisho alisema, "Mtanizeesha bure. Hata posa haikuchukua muda huu." Juzi kwenye misa ya mwaka ya Klara nilikaa safu za nyuma. Nilikuona umefunga kitambaa chake cha bluu. Nikaona siwezi kurudi nyumbani bila kukujibu.

Isingemtosha.

Vyuma vinaongezwa na kupunguzwa, lakini vina mwisho wake, na Klara hakufika pale vinapoanzia. Nyonga ya mashine ingekaa mbavuni kwake, goti lingekunja mahali ambapo yeye hana goti. Ingemuumiza. Nimewauliza kama ipo ndogo. Wanasema itakuja, hawajui lini.

Nilijua tangu mwanzo. Violeth aliponipa kitabu cha maelezo, nilifungua vipimo kabla ya bei. Nikaona hafiki. Nikaendelea kusoma, nikijiambia akivaa soli nene huenda akafika. Klara alikuwa ameshafariki miezi minne, mama, na mimi nilikuwa namtafutia soli. Nilifunga kitabu nikakaa garini muda mrefu. Baada ya pale sikuweza kumwambia mtu, na wewe ndiye niliyeshindwa kukwambia kuliko wote. Niliogopa ungeona nimetaka kutumia hela yake kwa kitu kilichomkataa.

Na hesabu niliyokupa mwezi wa pili haikuwa ya uongo, ila ilijaa wagonjwa ambao hawapo. Niliwajaza mimi. Ukweli ni kwamba bila bima watakaolipa ni wachache. Wakija nusu ya niliowaandika, mashine itazeeka kabla haijajilipa. Ikiharibika mota, kipuri kinasubiriwa kwa wiki nyingi na chumba kinalala. Faida niliyokuahidi usiiweke kwenye mipango yako.

Kuna jambo moja nimelipata kwa kubishana nao miezi hii. Wamekubali kutukodisha kwa mwaka mmoja. Matengenezo ni yao, na fundi wao atakaa hapa mjini. Fidia haitaisha, itatoka kama theluthi yake, na benki haitahusika. Asubuhi tutaweka wanaolipa kamili, mchana wanaolipa wanachoweza. Mwaka ukiisha na viti viko tupu, inarudi kwao, nasi tumepoteza kodi hiyo. Inaweza kutokea. Sina hakika.

Nimeambatanisha karatasi mpya. Sikuweka alama ya penseli. Usipotia sahihi utabaki kuwa mama yangu, na fidia itakaa benki jinsi ilivyo.

Mkweo,
Pantaleo


Mchafukoge
13 Julai 2025

Pantaleo mwanangu,

Marahaba. Huku kumekuwa na baridi ya asubuhi, ile Klara aliyokuwa anaivalia soksi mbili. Mimi mzima. Kula vizuri, pale kanisani nilikuona umekonda shingo.

Barua yako iliponifikia nilifunga duka kabla ya adhuhuri, jambo ambalo sifanyi. Fundi mmoja alinigongea dakika nzima akitaka lastiki. Nilikaa ndani gizani nikaona nikukasirikie. Nikajaribu. Haikukaa. Kila nilipoanza nilikuona garini na kile kitabu.

Nimefanya biashara na watu wengi. Anayekwambia kitambaa hiki kikifuliwa kitachuja, huyo utarudi kwake. Miezi mitano ulikuwa unaniuzia, na mimi nilikuwa nakusikiliza kama wa kuuziwa. Juzi ndipo uliponiambia kinachuja. Nashukuru. Ungeniambia mwezi wa pili ningelia vilevile, lakini ningelala.

Fikirini ameniuliza, "Sasa dada, kama isingemtosha mwanao, hela yake ya nini humo?" Ni swali la haki. Nimelibeba siku kumi. Nilikuwa nakumbuka yale aliyokuwa akisema Klara kwenye kile kiti. Hakulalamikia maumivu sana. Alisema amechoka kuongea na mikanda ya suruali za watu. Nikienda naye kwa daktari, daktari anaongea na mimi, juu kwa juu, yeye yuko chini anatazama vifungo vya koti. Halafu namkumbuka yule Aristides aliponyanyuka. Ukiacha makofi, ukiacha tai na viatu vya kaka, kuna kitu alifanya kabla ya kupiga hatua. Alimtazama Violeth usoni, sawa kwa sawa, kisha akatazama chini kidogo, maana amemzidi. Sidhani hilo mtu anaweza kupangwa alifanye.

Klara asingefika. Sawa. Warefu nao wana mama zao.

Sahihi yangu imo. Nimesaini kwa mwaka mmoja tu na nimeandika hivyo kwa mkono pembeni, mwanasheria wako akinuna anune. Wale wa mchana wasije wakasukumwa asubuhi ikijaa. Hilo nitalifuatilia, na unajua nafuatilia. Wafupi wakija muwaambie ukweli mlangoni, kabla hawajavua viatu.

Ikifika niandikie. Usiniambie wangapi wamelipa. Niambie nani alisimama kwanza, na alisema nini.

Mama yako,
Severa


Upanga
21 Septemba 2025

Mama, shikamoo.

Habari za goti na za duka? Mimi sijambo kuliko nilivyokuwa. Nimeanza kupika.

Mashine ilifika Jumatatu. Siku mbili za kwanza haikufanya lolote, fundi wao alikuwa amesahau waya mmoja uwanja wa ndege. Jumatano asubuhi mgonjwa wetu wa kwanza wa kulipa kamili, mfanyabiashara mmoja, alitutumia ujumbe kwamba ameahirisha. Violeth alikunja uso, mimi nikakunja zaidi. Chumba kikakaa wazi mpaka saa nane.

Saa nane aliingia wa mchana. Anaitwa Sabaha, mama wa makamo, alikuwa mchuuzi wa samaki soko la Feri kabla ukuta haujamwangukia. Miaka mitatu yuko kwenye kiti. Nilimpima kwanza kama ulivyosema, mlangoni, kabla hajavua viatu. Akaniuliza, "Unanipimia sanda?" Nikamwambia hapana, nakupimia mashine. Alifika pale vyuma vinapoanzia, akazidi sana.

Tulimfunga mikanda taratibu. Ilimchukua muda kuamini, mara mbili alisema tuache, mara mbili akasema tuendelee. Mara ya tatu ikamnyanyua. Binti yake wa darasa la kwanza, aliyekuja naye, alikuwa amesimama mbele amemshikia khanga, na nikaona kichwa chake kinainuka pole pole kumfuata mama yake, mpaka akawa anamtazama juu. Alikuwa mdogo mama yake alipoumia. Hakukumbuka kimo hicho. Hakuna aliyepiga makofi. Sote tulikuwa tumeduwaa, mimi, Violeth na Polycarp aliyeacha geti lake.

Sabaha akatutazama mmoja mmoja, kutoka huko juu.

"Mnanikodolea macho ya nini?" akasema. "Mimi ni mrefu siku zote."

Mwanao,
Pantaleo